Msiba wa Bwana Mizani

Haya, sogeeni, lakini nawaambia mapema: hii hamtaiamini. Hata mimi niliyekuwepo, tena mwenye darasa la nne la zamani ambalo ni sawa na digrii mbili za siku hizi, nikiisimulia huwa najishangaa. Ni habari ya mtu aliyewekewa matanga akiwa hai, akatoka chumbani kubishana na waombolezaji wake, kisha akala wali wa msiba wake mwenyewe na kuomba ukoko. Mwenyewe yule pale, kalala kwenye kiti cha uvivu, kofia kaishusha hadi puani. Msipaze sauti. Akiamka ataharibu, maana ana ugonjwa wa kutaka kila kitu kisemwe sawasawa na kilivyokuwa.

Anaitwa Mtoro. Lakini ukifika Kibiti enzi zile ukamuulizia Mtoro, watu wangekutazama tu. Ungeuliza Bwana Mizani, hapo hata mbwa angekuonyesha nyumba.

Alikuwa mpima korosho wa ghala la ushirika. Mizani yake ilining'inia kwenye boriti la mlangoni, na ufunguo wa ghala ulining'inia shingoni mwake, na sijui kati ya hivyo viwili alipenda kipi zaidi. Kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi ya mkaa hadi mikunjo yake ikaweza kukata embe. Na alikuwa na mtindo. Gunia likishatundikwa, alirudi nyuma, akainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekurupushwa na askari, ili kila mkulima aone kwamba hapana kidole kinachogusa. Ndipo akaisoma namba kwa sauti ya muadhini, na korosho zikiwa nzuri akamalizia: "Daraja la kwanza!" Wakulima walikuwa wakitoka pale wamevimba kana kwamba daraja lile wamepewa wao.

Mkewe ni Ashura, dada yangu, tumbo moja. Ndiyo maana mambo ya nyumba ile hunifikia kabla hayajapoa.

Basi ikaja enzi ya ruksa. Redio ruksa, mitumba ruksa, kamba wa Salale wakaanza kupanda malori ya barafu kwenda kuliwa na watu wasiojua hata Salale iko wapi. Na korosho nayo ruksa. Wanunuzi binafsi wakashuka kutoka Dar es Salaam na mizani zao na vijana wao waliovaa miwani ya jua hadi magharibi. Wakawa wananunua huko huko mashambani. Ushirika ukayumba, ghala likabaki tupu, panya wakahama kwa njaa.

Asubuhi moja Mtoro alifika kazini, akavua ufunguo shingoni, akautia kwenye kufuli. Ukaingia nusu, ukagoma. Akautoa, akaufuta kwenye shati, akautia tena. Kumbe kufuli lilikuwa jipya. Linang'aa. Usiku mtu alikuja akabadilisha, na hapana aliyemwambia neno. Akasimama pale akiutazama ufunguo kana kwamba ndio wenye makosa. Kisha akarudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba amepewa likizo.

Likizo hiyo! Mwanzo alikuwa bado anavaa shati la pasi na kwenda kukaa kwenye debe kuukuu, ng'ambo ya barabara, akililinda ghala kwa macho. Kisha ghala likakodishwa kwa mfanyabiashara wa mitumba, wakaning'iniza sidiria palipokuwa na mizani. Siku hiyo Mtoro aliinuka kwenye debe, akaenda nyumbani, akalala akitazama ukuta. Akaacha kunyoa. Akaacha kula, isipokuwa vijiko viwili vya kumridhisha mkewe. Akaacha hata kubishana, na hilo ndilo lililotutisha, maana Mtoro alikuwa mtu wa kukusahihisha hata ukimsalimia.

Tukahangaika. Mama yake mkubwa kule Salale alituma dawa ya kufukiza, ikanuka hadi nzi wakahama mtaa. Mganga wa Ikwiriri akasema ni pepo, tena pepo wa Kizungu, anataka biskuti. Biskuti zikanunuliwa. Mtoro hakuzigusa, nikazila mimi, na pepo hakulalamika. Mimi mwenyewe nilimshauri ajikaze. Nilimshauri ajikaze asubuhi, nikapita tena jioni nikamshauri ajikaze. Ni ushauri mzuri sana ule, sijui ulishindwa wapi.

Jioni moja Ashura alimpelekea uji. Mtoro, bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeulizia chumvi, akasema: "Mama Semeni, hivi nikilala nisiamke, si mtapumzika wote?"

Semeni ni binti yao, ameolewa Maparoni. Ashura aliweka uji chini, akatoka hadi uani, akamfungua mbuzi, akaikunja ile kamba na kuizamisha ndani ya pipa la mchele lililokuwa sebuleni. Hakumwambia mtu, hata mimi. Kuanzia siku hiyo akawa analala jicho moja wazi, na kila akitoka sokoni anatembea nusu kukimbia.

Huyo mbuzi sasa! Beberu la Kindengereko, halijui adabu, na sasa halina kamba. Likala suruali ya mteja kwa Bushiri, fundi cherehani. Likala kilemba cha Mwalimu Saadi wa madrasa kikiwa kimeanikwa. Majirani wakapiga kelele, "Mama Semeni, mfunge mbuzi wako!" Ashura akawa anasema, "Nitamfunga," na hamfungi. Watu wakaona kiburi. Hakuna aliyejua kwamba mbuzi yule alikuwa anazurura ili mtu mmoja abaki.

Mwisho beberu likaingia zahanati.

Pale zahanati palikuwa na nesi, Petronila, Mnyamwezi wa Tabora, mwanamke mpana wa mabega na wa kicheko, aliyeletwa na serikali na kila wakitaka kumhamisha anakataa kwa sababu ya samaki. Alikuwa amepelekwa semina Morogoro kujifunza ushauri nasaha, yaani kukaa na mtu aliyelemewa moyoni akazungumza naye. Akarudi na cheti chenye muhuri. Akapewa chumba, akaweka viti viwili, pazia la maua, chupa ya chai, na mlangoni akaandika kwa herufi kubwa CHUMBA CHA USHAURI. Hapo alijimaliza. Siku zile neno ushauri lilikuwa limeingia Kibiti pamoja na ule ugonjwa wa kukondesha watu, na mlango wa chumba ulitazamana na benchi la wagonjwa wote. Nani aingie? Ukiingia kuuliza saa tu, ukitoka wameshagawana mashamba yako. Ikawa nesi anakaa humo peke yake, anakunywa chai na kujishauri mwenyewe.

Beberu lilimkuta katoka kidogo. Cheti kilikuwa kwenye msumari. Likakila, likianzia kwenye muhuri.

Petronila alifika kwa Ashura akihema. "Hodi humu! Nyie Wandengereko, mbuzi wenu kanilia elimu!"

"Karibu, mpagazi," akajibu Ashura kutoka jikoni. "Mbuzi wetu anatafuta vyakula laini. Elimu ya Kinyamwezi haitaki hata meno."

Msishangae matusi. Mnyamwezi na mtu wa pwani hii ni watani. Wakikutana bila kutukanana ujue mmoja ana homa.

"Na kwa nini hafungwi? Kamba nayo mmeitia nazi mkala?"

Ashura akaanza kucheka. Kicheko kikafika katikati ya njia kikageuka. Akajifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yakawa yanatikisika.

"Nimeificha, Nesi."

"Umemficha mbuzi kamba yake?"

"Namficha Baba Semeni."

Petronila alivuta kigoda akakaa. Hakusema pole, hakusema jikaze, hakusema Mungu yupo, ingawa yupo. Aliuliza tu: "Alisema nini hasa? Niambie kama alivyosema yeye." Ashura akamwambia. Ndiyo mara ya kwanza maneno yale yalitoka kinywani mwake, na alipoyasikia nje yalikuwa mabaya lakini madogo kuliko yalivyokuwa ndani.

"Umefanya vyema kuificha," akasema Petronila. "Na umefanya vyema zaidi kunieleza. Sasa huu mzigo tunao wawili, na mimi kwetu kubeba ndiyo kazi. Mlete pale chumbani kwangu."

"Chumba kile? Nesi, akiingia mle leo, kesho watu wananipima mimi nimekonda kiasi gani."

"Basi nitakuja mimi."

Akaja kesho yake na gauni jeupe, na kofia, na upole wote wa semina. "Bwana Mtoro, unajisikiaje?" Mtoro akasema, "Nesi, mimi siumwi," akarudi ukutani. Alikuja kutueleza baadaye kwamba alimwona nesi kwa mbali sana, kama mtu aliye ng'ambo ya mto anayepunga mkono: mkono unauona, neno hulisikii. Na hakuwa na nguvu ya kuvuka.

Petronila akaenda kwake akafikiri. Gauni jeupe limeshindwa. Lakini kuna mlango mmoja ambao mtu wa pwani hawezi kuufunga hata akiwa kaburini, nao ni mlango wa mtani. Mnajua wenyewe. Mtani akija msibani anavaa nguo za marehemu, anamuiga anavyotembea, analala kwenye kitanda chake anadai apelekwe makaburini yeye, na hapana ruhusa ya kumkasirikia. Unamlipa ndiyo anyamaze. Akamwambia Ashura, "Kesho nakuja kitani. Wewe nenda sokoni kama kawaida, mimi nitakaa naye." Zaidi ya hapo hakueleza.

Kesho yake akaja bila gauni jeupe. Kafunga kanga kiunoni, kajipaka unga usoni. Akasimama katikati ya ua, dirishani pa Mtoro, akaweka mikono kichwani na kuachia:

"Uwiii! Bwana Mizani kafa! Uwiii, nani atatupimia!"

Alitaka asikiwe na mtu mmoja tu, wa ndani. Huko kwao Tabora labda watu wakisikia kilio huuliza kwanza. Kibiti hatuulizi. Kilio kikitoka kwenye ua wa mtu, unaacha ulichoshika unakwenda, kuuliza utauliza ukishakaa. Kabla unga haujamkauka usoni ua ulikuwa umejaa. Wanawake wamefika na mchele na nazi na kuni, wameshatandika mikeka na kushika nafasi. Wanaume wamepanga mabenchi. Vijana wamekimbilia msikitini kuleta jeneza. Petronila akawa anapunga mikono, "Jamani, natania! Ni utani!" nao wakawa wanamwitikia, "Ndiyo, mtani, fanya kazi yako, lia!" Kadiri alivyokana ndivyo walivyomsifu kwamba ni mtani hodari.

Ashura aliona mabenchi akiwa bado barabarani. Kapu la samaki liliangukia hapo hapo. Alipita katikati ya watu bila kumwona hata mmoja, akaingia sebuleni, akatia mkono hadi begani ndani ya pipa la mchele, akapapasa, akapapasa. Kamba ilikuwepo. Akakaa chini kalikumbatia pipa, akalia kilio cha kweli, na waombolezaji nje wakamwitikia vizuri sana. Mtoro alimwona kupitia upenyo wa mlango wa chumba, asielewe mtu mwenye akili zake analilia mchele kwa nini.

Petronila naye alimwona. Unga wote ulimdondoka kwa aibu. Akapiga magoti pembeni yake, "Nisamehe, mtani, sikujua watakuja wote." Ashura alimshika mkono asiuachie.

Huku nyuma Kibwana, mchimba makaburi, mtu asiyependa kupoteza muda, alikuwa ameshapita chumbani na ufito wake kuchukua urefu wa marehemu. Akaulaza ufito kitandani, kutoka kisigino kwenda kichwani. Alipofika kichwani akakuta macho yamefunguka yanamtazama.

Kibwana akainama sikioni. "Bwana Mtoro, u hai?"

Mtoro akafikiri. "Sijui, Kibwana. Wewe unaonaje?"

Kibwana alisema baadaye kwamba katika kazi yake yote hakuwahi kuulizwa swali gumu kama lile. Akakaa kitandani, ufito mkononi, wote wawili wakisikiliza yanayosemwa nje.

Na nje palikuwa patamu. Marehemu alikuwa anasifiwa. Alikuwa mkweli, alikuwa msafi, mtu wa watu. Mara ikasikika sauti ya Mshamu, mkulima wa korosho, mtu asiyeshiba wala kuridhika:

"Mungu amrehemu, alikuwa mwema. Lakini tuseme ukweli, kidole chake kilikuwa kizito pale kwenye mizani."

Kibwana anasema alihisi kitanda kinatikisika. Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mtoro kasimama kizingitini, ndevu kama fagio, kajifunga shuka jeupe kifuani.

"Nani kasema kidole?"

Mama yangu! Mabenchi yakaruka. Wabeba jeneza, waliokuwa ndiyo kwanza wanaingia, wakalitupa na kupita juu ya ua wa makuti. Mshamu alipanda mpapai, na mnajua mpapai hauna matawi. Mwalimu Saadi peke yake alibaki kakaa, si kwa ushujaa, ni kwa sababu alikuwa amekalia kanzu ya mwenzake na mwenzake kaondoka bila hiyo kanzu.

"Nimeuliza, nani kasema kidole? Mshamu! Shuka huko! Hebu lete gunia la mchele hapa. Lete! Likishatundikwa nilikuwa nafanyaje? Nilikuwa narudi nyuma. Hivi. Nainua mikono. Yote! Hivi! Kiko wapi kidole? Kionyeshe!"

Akawa kasimama katikati ya ua, mikono yote juu, vidole vimetanuka, shuka linamtoka. Akangoja Mshamu aonyeshe. Mshamu, kutoka juu, akasema kwa sauti ndogo, "Hakikuwepo, Bwana Mizani." Mtoro hakuishusha mikono. Akabaki vile vile, na machozi yakaanza kumshuka, yakaingia kwenye ndevu, na hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa juu.

Watu walikuwa wamerudi mmoja mmoja. Mimi nilitaka kumwambia ajikaze, Petronila akanitazama jicho moja, neno nikalimeza.

"Mwacheni," akasema. "Huu msiba ni wake."

"Sasa kafa nani?" akauliza Mwalimu Saadi. "Maana jeneza la msikiti limevunjika mguu."

"Imekufa kazi yake," akasema Petronila. "Imekufa zamani, na hapana aliyekuja kumpa pole."

Mwalimu Saadi akatoa uamuzi: dua ya kuiombea kazi hajaisoma katika kitabu chochote, lakini mchele umeshaoshwa, na kuula mchele hakujakatazwa popote. Basi ukapikwa. Mtoro akaletewa kiti, na watu wakampita mmoja mmoja kumpa mkono kama inavyopasa, "Pole, Bwana Mizani," "Pole kwa msiba." Wa kwanza alicheka kidogo, wa tatu hakucheka tena. Bushiri alipomfikia, akaushikilia mkono. "Na mimi cherehani yangu itieni kaburi hilo hilo," akasema. "Mitumba imeimaliza. Naamka naikanyaga tupu, bila kitambaa, majirani wasikie nina kazi." Watu wakacheka, na Bushiri akacheka, na macho yake hayakucheka.

Mtoro alikula. Sahani ya kwanza, ya pili, akaomba ukoko. Alipokuwa anautafuna, mtani wake akaja kudai ujira wa kulia.

"Sina kitu," akasema Mtoro. "Unajua sina kazi." Ndiyo mara ya kwanza alilitamka.

"Ninalotaka unalo." Akamvua ule ufunguo shingoni, akautia kwenye pindo la kanga. "Ukiutaka, unajua chumba changu kilipo."

"Watu watasema nina ule ugonjwa."

"Baba, watu jana wamekupimia kaburi. Wakuseme nini tena?"

Alikuwa amekosea siku, ilikuwa ni leo, si jana, na Mtoro akamsahihisha. Ashura alipomsikia akisahihisha akaenda nyuma ya jiko kusali rakaa za shukrani. Asubuhi ndugu wa Salale wakawasili na kamba waliokaushwa, wanalia tangu kivukoni, wakamkuta marehemu anapiga mswaki. Wakakataa kunyamaza. Walisema wamengoja maji yajae, wamesukwasukwa na mashua, hawawezi kurudi na machozi yao. Wakaruhusiwa kulia hadi adhuhuri.

Mtoro akaenda zahanati. Akapita mbele ya benchi zima, akaingia CHUMBA CHA USHAURI, akakaa. Petronila akammiminia chai.

"Haya, nipe dawa."

"Sina."

"Nipe ushauri basi. Si umesomea?"

"Nimesomea kukaa kimya nikusikilize."

"Serikali ikakusafirisha hadi Morogoro ukajifunze kukaa kimya?"

"Na kwangu mimi lilikuwa somo gumu, mtani. Walitaka kunifelisha."

Chai ikapoa. Mtoro akatazama pazia, akatazama msumari mtupu ukutani. Kisha akasema, taratibu, kama anayesoma namba ya mbali:

"Nilijua ghala litafungwa. Sikuwa mjinga. Lakini nilidhani wataniita. Nilidhani watasema, Mtoro, njoo ulifunge wewe, maana wewe ndiye uliyekuwa unalifungua."

Petronila hakujaza neno pale. Akaacha maneno yale yakae chumbani nayo yapate kiti. Baada ya muda akamuuliza waziwazi, bila kuzunguka: "Ulimwambia mkeo kwamba ukilala usiamke watapumzika. Bado unalitaka hilo?"

Mtoro alishtuka. Mkewe alikuwa analizunguka kama shimo, na huyu kaja kukaa ukingoni pamoja naye. Ajabu ni kwamba pumzi zilimshuka. "Leo nautaka ufunguo wangu," akasema.

"Na kesho?"

"Kesho niulize kesho."

Alimuuliza. Na wiki iliyofuata akamuuliza, na akampeleka kwa daktari wa wilaya kwa ajili ya ule usingizi uliomkimbia. Msidhani alipona kama taa inavyowashwa. Kuna siku aliamka vizuri akarudi ukutani kabla ya chai. Siku hizo Petronila alikuja na unga usoni, kasimama mlangoni, "Nilie au unatoka?" na Mtoro anatoka mbio, maana jeneza lilikuwa bado kwa fundi.

Ufunguo alirudishiwa. Akautazama, akautundika kwenye ule msumari wa cheti, akauacha hapo.

Jioni moja Ashura alitia mkono kwenye pipa la mchele, akatoa kamba. Alikaa nayo mapajani kitambo. Kisha akampelekea mumewe barazani.

"Baba Semeni, kamfunge mbuzi. Majirani wamechoka."

Mtoro aliipokea. Akaitazama kamba, akamtazama mkewe, akakumbuka mwanamke aliyekumbatia pipa. Akaelewa yote, tangu suruali ya Bushiri hadi kilemba cha Mwalimu.

"Ilikuwa kwenye mchele muda wote huu?"

"Muda wote."

"Ndiyo maana wali ulikuwa unanuka beberu."

Ashura akampiga na upindo wa kanga, wakacheka hadi wakashikana, na beberu likafungwa, likalia usiku kucha kwa dhuluma.

Sasa la mwisho, halafu mwende zenu. Siku moja ya kliniki ya watoto Mtoro alikuwa kwenye benchi anangoja zamu yake. Nesi anapima watoto, wananing'inizwa kwenye mizani ndani ya kile kichupi, na kwa huruma anamshikilia mtoto mguu asiogope. Mtoro akavumilia mtoto wa kwanza. Wa pili hakuweza. "Nesi! Toa kidole!" Akainuka, akamning'iniza mtoto mwenyewe, akarudi nyuma, mikono juu, akasoma kwa sauti ya muadhini, akamalizia: "Daraja la kwanza!" Mama wa mtoto karibu apae. Tangu hapo siku za kliniki ni zake. Na wanaume, ambao tangu dunia iumbwe hawajawahi kupeleka mtoto kliniki, wakaanza kuwabeba wenyewe kuja kusikia daraja. Na wakishafika, "Nipishe nimwone nesi kidogo, kifua kinanibana," na hao kwenye chumba chenye pazia la maua. Bushiri alikuwa wa kwanza. Alikaa humo hadi chai ya pili.

Na huyo mtoto wa Bushiri sasa! Mnene, wanangu, mnene kuliko tembo wa Selous. Wanaume wanne walimbeba. Alipotundikwa mshale ulizunguka ukapita namba zote, ukarudi ulikotoka, ukazunguka tena, boriti likalia, bati la zahanati likainama, Petronila akarukia dirishani, magari ya Lindi yakasimama barabarani kuangalia, na ile ndoano ikaanza kunyooka, ikanyooka, mtoto akawa anashuka kuelekea—

"Shemeji." Kofia imepanda, jicho moja linanitazama. "Toa kidole kwenye mizani."